Mshipa Usio Kwenye Ramani

Katika Laini Saba, kijiji cha Kibera jijini Nairobi, maji hupita juu ya ardhi. Mipira ya plastiki huanzia kwenye bomba kuu, huvuka mtaro, hupanda ukuta wa mabati na kuishia kwenye tangi la muuzaji, ambaye huyapima kwa mtungi wa lita 20. Kwenye kijia kimoja chembamba mipira hiyo hulala kumi kwa kumi, imesukana kama ukili. Jua likiipiga miezi na miezi, plastiki huchoka. Kisha siku maji yanapofunguliwa kwa nguvu, mahali palipochoka hutuna. Mwanzoni ni kivimbe cha ukubwa wa kidole gumba. Kadiri kinavyotanuka ndivyo ukuta wake unavyozidi kuwa mwembamba, na kadiri ukuta unavyokuwa mwembamba ndivyo kinavyotanuka upesi zaidi. Fundi wa maji hahitaji darasa la fizikia kulijua hilo. Hukipapasa kivimbe, hukifunga kwa ukanda uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, na kumwambia mwenye mpira anunue mwingine kabla huu haujapasuka.

Ndani ya mwili wa binadamu jambo hilohilo huitwa aneurisma. Ateri kubwa kuliko zote, aota, hutoka moyoni, hupinda kifuani kama mpini wa bakora, hushuka mbele ya uti wa mgongo na kugawanyika mara mbili karibu na kitovu ili kulisha miguu. Kwa mtu mzima, aota ya tumboni ina kipenyo cha sentimita 2 hivi. Kikifika 3, madaktari huandika neno aneurisma kwenye faili. Kikifika 5.5 kwa mwanamume, ushauri wa kawaida ni upasuaji, maana hapo hatari ya kupasuka imeanza kuizidi hatari ya kisu. Ateri za ubongo nazo hutuna, mara nyingi kwenye njia panda zilizo chini ya ubongo, na huko kivimbe huweza kuwa kidogo kama punje ya kunde. Kikipasuka, mgonjwa hushikwa na maumivu ya kichwa asiyowahi kuyaonja maishani mwake.

Kabla ya kupasuka, nyingi hazitoi ishara yoyote.

Hata ufundi wa ukanda una historia yake hospitalini. Mwishoni mwa mwaka 1948, daktari Rudolph Nissen alimpasua Albert Einstein jijini New York, akakuta aota ya tumbo imetuna kama balungi. Wakati huo hapakuwa na mshipa bandia wa kutegemewa wa kuweka mahali pake. Nissen akaizungushia karatasi ya selofani ili kovu litakaloota liushikilie ukuta. Ukanda ule ulimpa mwanasayansi huyo zaidi ya miaka 6. Aprili 1955 mshipa ulipasuka, Einstein akakataa upasuaji wa pili, akafa akiwa na umri wa miaka 76.

Mkazi wa Kibera akifa hivyo, jina la ugonjwa halitajwi. Husemwa alianguka tu. Husemwa presha ilimpanda. Wapo wanaonong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Maiti huoshwa, matanga hukaliwa, basi hukodiwa kwenda bara kuzika, na kilichopasuka hubaki ndani ya mwili bila kuonwa na jicho la mtu. Upasuaji wa maiti kwa ajili ya kutafuta chanzo cha kifo hufanywa zaidi polisi wanapohusika. Kwa sababu hiyo, takwimu za aneurisma nchini Kenya hutoka kwa wale waliowahi kufika hospitali kubwa wakiwa hai, na hao ni sehemu tu ya walioathirika.

Kwa miaka mingi vitabu vya udaktari vilisema kwamba maradhi haya ni nadra kwa Waafrika. Ilikuwa rahisi kusema hivyo pasipo mashine za kuyaona. Profesa Julius Ogeng'o wa idara ya anatomia, Chuo Kikuu cha Nairobi, na wenzake walifukua mafaili ya wagonjwa, na mwaka 2010 wakachapisha utafiti juu ya sura ya aneurisma za aota katika nchi ya Kiafrika. Zilikuwepo. Shinikizo la damu lilijitokeza mara nyingi miongoni mwa wagonjwa hao, na si wote waliokuwa wazee. Kikundi hicho hicho kilifanya kazi kama hiyo juu ya aneurisma za ubongo. Ni utafiti wa aina isiyopigiwa ngoma, watu wachache wakipekua makabrasha, lakini ndio uliolitoa jambo hili kwenye uvumi na kulitia kwenye hesabu.

Presha yenyewe inajulikana zaidi. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa Kibera na kuchapishwa mwaka 2014 na Mark Joshi na wenzake uliona kwamba zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya watano alikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakujua. Presha ndiyo nguvu ya maji kwenye mpira. Lakini kila fundi atakuambia kwamba mipira miwili yaweza kulala kwenye kijia kimoja, ikapigwa na jua moja, ikapitisha maji ya bomba moja, na mmoja ukapasuka huku wa pili ukidumu miaka. Tofauti hiyo huanzia kiwandani. Kwa binadamu, kiwanda ni jeni.

Flo Hyman alikuwa mchezaji wa voliboli, Mmarekani mweusi, mrefu wa karibu mita 2, mwenye mikono iliyofika mbali na pigo lililoogopwa dunia nzima. Alishinda medali ya fedha na timu ya Marekani kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Tarehe 24 Januari 1986, katika mji wa Matsue nchini Japani, alitolewa uwanjani kupumzika, akaketi kwenye benchi, akaanguka. Alikuwa na miaka 31. Kwanza ilidhaniwa ni moyo. Maiti ilipopasuliwa, aota ilikutwa imechanika, na chanzo kilikuwa hali ya kurithi iitwayo sindromu ya Marfan, ambayo huwapata watu wapatao 1 kati ya 5,000. Urefu ule na vidole vile virefu vilivyomfanya bingwa vilikuwa sehemu ya ugonjwa, na katika miaka yote ya michezo hakuna aliyeviunganisha. Familia ilipopimwa, kaka yake naye alikutwa nayo. Alifanyiwa upasuaji akapona.

Miaka 5 baadaye, mwaka 1991, kikundi cha Hal Dietz wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilionyesha jeni yenyewe. Inaitwa FBN1, iko kwenye kromosomu ya 15, na kazi yake ni kutoa maagizo ya kutengeneza fibrilini, uzi unaoupa ukuta wa ateri uwezo wa kunyumbuka na kurudi. Uzi ukiwa na kasoro, ukuta hulegea kila moyo unapopiga, na moyo hupiga mara 100,000 hivi kwa siku. Jeni nyingine zikafuata. COL3A1 ilikwisha kujulikana kwa ugonjwa wa Ehlers-Danlos wa mishipa. Mwaka 2005 Bart Loeys na Dietz walieleza hali inayotokana na TGFBR1 na TGFBR2. Mwaka 2007 kikundi cha Dianna Milewicz huko Houston kilitaja ACTA2, jeni ya misuli inayokaza ukuta wa mshipa. Karibu mtu 1 kati ya 5 wenye aneurisma ya aota ya kifuani ana ndugu wa damu mwenye hali hiyo.

Ugunduzi ulipoongezeka, tatizo jipya likazuka: nani anaweka daftari?

Jibu la mwanzo lilitoka Ufaransa. Katikati ya miaka ya 1990, Gwenaëlle Collod-Béroud, Catherine Boileau na wenzao walianza kukusanya kila badiliko lililoripotiwa la FBN1 na kuliweka kwenye hifadhidata moja iliyo wazi kwa wote. Leo hifadhidata hiyo ina maelfu ya mabadiliko ya jeni hiyo moja.

Kutoka mbali kazi hiyo yaonekana kama ya karani. Ukiitazama safu moja tu ya jedwali utaona uzito wake. Kwanza jina. Jeni ni kama kijana wa mtaani: ana jina la kitambulisho, jina la nyumbani na jina la marafiki. Makala tatu za maabara tatu zaweza kuitaja jeni ileile kwa majina matatu, na asipopatikana mtu wa kuyapatanisha, jeni moja itahesabiwa kama tatu. Kisha mahali: kromosomu ipi, herufi ya ngapi, ilikuwa nini ikawa nini. Kisha watu: familia ngapi zilionekana, nani ana badiliko na anaugua, nani analo na ana miaka 70 akiwa mzima kabisa. Swali hili la mwisho ndilo linaloangusha madai mengi. Halafu ushahidi wa maabara: je, seli zenye badiliko hilo hutengeneza uzi mbovu? Panya waliopewa badiliko hilo wana aota iliyotuna? Mwisho, jina la aliyehakiki na tarehe, kwa sababu kilichoaminika mwaka 2005 chaweza kukataliwa leo.

Uhakiki huo ni mkali, na unapaswa kuwa mkali. Mwaka 2018 jopo la wataalamu la mpango wa ClinGen lilichapisha matokeo ya kupitia jeni 53 zilizowahi kuhusishwa na aneurisma za kurithi za aota ya kifuani. Zilizokutwa na ushahidi imara zilikuwa 11 tu.

Hizo ni jeni nzito, ambazo moja peke yake yatosha kuleta ugonjwa. Aneurisma ya kawaida ya tumbo au ya ubongo hutokana zaidi na mkusanyiko wa mambo madogo madogo: badiliko hapa, badiliko pale, kila moja likiongeza hatari kidogo, juu yake sigara, presha na umri. Kuyapata kunahitaji watu wengi mno. Helena Kuivaniemi na Gerard Tromp, ambao kwa miaka mingi walizichambua jeni za aneurisma ya tumbo huko Marekani na baadaye wakahamia Chuo Kikuu cha Stellenbosch nchini Afrika Kusini, walikuwa miongoni mwa waliosisitiza mapema kwamba ugonjwa huu una mizizi katika familia. Mwaka 2020 utafiti wa aneurisma za ubongo ulikusanya wagonjwa zaidi ya 10,000 na kuonyesha maeneo 17 kwenye jenomu. Mwaka 2023 muungano uitwao AAAgen ulilinganisha wagonjwa 39,221 wa aneurisma ya tumbo na watu zaidi ya milioni 1 wasio nayo, ukapata maeneo 121.

Ule utafiti wa ubongo wa mwaka 2020 ulitumia watu wenye asili ya Ulaya na ya Asia ya Mashariki. Muhtasari wa makala unasema hivyo waziwazi. Laini Saba haimo.

Wakazi wa Kibera wanaijua hali hii kwa namna nyingine. Hadi mwaka 2009, ukifungua ramani nyingi za Nairobi, mahali pa Kibera palikuwa patupu au pamepakwa rangi ya msitu. Kihistoria msitu ulikuwepo: Wanubi waliowekwa hapo na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20, askari na familia zao, ndio walioleta neno la lugha yao lenye maana ya msitu, na jina la mahali likatokana nalo. Lakini miaka 100 baadaye mwenye ramani alikuwa bado anauona msitu ambapo watu walikuwa wanalala, wanauza omena na kusomesha watoto. Idadi nayo ilikuwa ya kubahatisha. Mashirika yalisema watu milioni moja. Sensa ya 2009 ikaandika 170,070. Mwishoni mwa mwaka huohuo vijana wa vijiji vya Kibera walishika vifaa vya GPS wakatembea kijia kwa kijia, wakitia alama kwenye vyoo, zahanati, visima, makanisa na misikiti. Mradi ukaitwa Map Kibera. Kabla ya hapo gari la wagonjwa lingeitwa Laini Saba, na dereva asingekuwa na ramani yoyote ya kumfikisha.

Daktari anayetumia hifadhidata ya jeni kumpima mgonjwa wa Kiafrika yuko kama dereva huyo. Badiliko linaonekana kwenye damu, analitafuta kwenye jedwali, na jibu linarudi: maana yake haijulikani. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kati ya watu wote walioshiriki katika tafiti za jenomu na magonjwa, asilimia 78 walikuwa na asili ya Ulaya na asilimia 2 tu walikuwa wa asili ya Afrika.

Lakini kutojulikana kuna nafuu kuliko kujulikana vibaya. Mwaka 2016 Arjun Manrai na wenzake wa Harvard walirejea mabadiliko yaliyoandikwa kwamba husababisha unene wa misuli ya moyo, ugonjwa wa kurithi unaoweza kuua ghafla. Baadhi yake yalikuwa ya kawaida kabisa kwa Wamarekani weusi, mengi mno kuweza kuwa sababu ya ugonjwa adimu. Watu walikuwa wameshaambiwa wana badiliko la hatari, na familia zao zimeshatiwa hofu. Kosa liliingia pale mwanzo kabisa, wagonjwa walipolinganishwa na watu wenye afya ambao weusi miongoni mwao walikuwa wachache mno. Watafiti walionyesha kwamba hata idadi ndogo ya watu weusi kwenye kundi la kulinganisha ingetosha kuliepusha. Huo si uzembe wa mtu mmoja. Ni tundu kwenye daftari, na kila anayelisoma hutumbukia humo.

Tundu hilo lina hasara kwa dunia nzima pia. Mwaka 2003, Catherine Boileau, yuleyule wa hifadhidata ya FBN1, na Marianne Abifadel walionyesha kwamba jeni iitwayo PCSK9 ikizidisha kazi huleta kolesteroli ya juu mno katika familia. Huko Texas, Helen Hobbs na Jonathan Cohen wakauliza swali la upande wa pili: je, wapo watu ambao jeni hiyo haifanyi kazi? Waliwapata, na waliwapata kwa Wamarekani weusi. Katika utafiti wao wa mwaka 2006, watu weusi 2.6 kati ya kila 100 walikuwa na badiliko linaloizima, na hatari yao ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilipungua kwa asilimia 88. Kampuni za dawa zikaliiga badiliko hilo, na mwaka 2015 dawa za kuizuia PCSK9 zikaidhinishwa. Kisha ule utafiti wa AAAgen wa 2023 ukaikuta PCSK9 tena, safari hii kwenye aneurisma ya tumbo: panya wasio na jeni hiyo walikingwa. Siri hiyo ilikuwa imebebwa na watu wenye asili ya Afrika tangu zamani. Ingeliweza kusubiri karne nyingine kama pasingekuwa na mtu wa kuwauliza.

Wapo waliokwisha kuanza kuuliza, na baadhi yao wako upande wa pili wa jiji hilihili. Kituo cha utafiti cha APHRC kimefuatilia wakazi wa Korogocho na Viwandani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kikiandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa na kwa nini. Mitaa hiyo ikawa mojawapo ya vituo sita vya AWI-Gen, mradi ulioongozwa na Michèle Ramsay wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, chini ya mpango mkubwa wa H3Africa uliotangazwa mwaka 2010. Vituo vingine viko Ghana, Burkina Faso na Afrika Kusini. Watu wapatao 12,000, wengi wao wa umri wa miaka 40 hadi 60, walikubali kupimwa.

Kipimo kimoja kinastahili kutazamwa kwa karibu. Mshiriki hulala chali na kugeuza uso upande mmoja. Mhudumu humpaka shingoni ute baridi, kisha huweka kifaa cha altrasaundi pale kidole kinapohisi mapigo. Kwenye skrini hutokea ukungu wa kijivu, na katikati yake mfereji mweusi: hiyo ndiyo damu ipitayo kwenye ateri ya shingo. Kando ya mfereji kuna mistari miwili myembamba, mmoja wa ukuta wa ndani, mwingine wa mpaka wa nje wa ukuta wa kati. Mhudumu hungoja mapigo, husimamisha picha, na kupima nafasi kati ya mistari hiyo. Ni sehemu ya milimita moja. Hakuna sindano wala maumivu, na dakika chache baadaye mtu amefuta shingo, ameinuka na kurudi kwenye biashara yake.

Kipimo hicho cha unene si cha aneurisma. Kinaonyesha ukuta unavyochakaa, hatua iliyo mapema zaidi katika njia ileile. Lakini kilipounganishwa na damu ya washiriki, kilitoa kitu ambacho hakikuwahi kuwepo. Mwaka 2022 mtafiti Palwende Romuald Boua wa Burkina Faso na wenzake walichapisha uchambuzi wa karibu watu 8,000 wa Kusini mwa Sahara, wakaonyesha maeneo ya jenomu yanayohusiana na unene wa ateri ya shingo, mengine yakitofautiana kati ya wanawake na wanaume. Wakazi wa mitaa ya mabanda ya Nairobi wamo ndani ya hesabu hiyo.

Uganda imekwenda sambamba. Mwaka 2019 zilichapishwa taarifa za jenomu za watu wapatao 6,400 wa kusini-magharibi mwa nchi. Mwaka 2020 watafiti wa H3Africa walisoma jenomu nzima za watu 426 kutoka makundi 50 ya lugha barani, wakakuta mabadiliko zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwahi kuandikwa popote. Watu 426 ni wachache kuliko abiria wa mabasi 10. Ukiwaweka pembeni mwa milioni 3, unaona ukubwa wa kilichosahauliwa.

Ni wajibu kuuliza pia damu hiyo huenda wapi. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Stellenbosch kiliitaka Taasisi ya Sanger ya Uingereza irudishe sampuli za Waafrika, kwa madai kwamba zilitumiwa kwenye mpango wa kibiashara bila ridhaa stahiki. Sanger ilikana kufanya kosa. Mwaka huohuo Kenya ilipitisha Sheria ya Kulinda Data, inayoziweka taarifa za jeni katika kundi la taarifa nyeti. Sheria ni mwanzo mzuri. Kwa mtu wa Laini Saba, ambaye ameona wageni wengi wakija na fomu na kuondoka nazo, kipimo cha heshima ni chepesi zaidi: aliyechukua damu arudi na majibu, kwa lugha inayoeleweka, mlangoni pale alipoichukua.

Na hifadhidata isichukuliwe kuwa tiba. Si kila ateri inayotuna imetokana na jeni. Kaswende isiyotibiwa huila aota. Huko Durban, madaktari wa upasuaji walieleza aneurisma za shingo na za paja kwa vijana wanaoishi na VVU, watu ambao kwa umri wao wasingetarajiwa kabisa. Hifadhidata ya Afrika Mashariki isiyo na nafasi ya kuandika maambukizi, sigara na moshi wa jiko la mkaa itakuwa imenakili tu jedwali la wengine.

Kilicho karibu zaidi na mlango wa mkazi wa Kibera ni begi la mhudumu wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu 100,000 nchini kote, na ndani ya kila begi mna mashine ya presha. Mhudumu huingia, huketi kwenye kigoda, humfunga mama wa nyumba kitambaa mkononi na kusubiri nambari. Nambari hiyo haitaji jeni hata moja, lakini inaeleza maji yanapita kwa nguvu kiasi gani kwenye mpira ambao hakuna aliyeuona.

Lipo daftari lingine ambalo halihitaji maabara, nalo limo vichwani mwa wazee. Nani katika ukoo alianguka ghafla? Alikuwa na miaka mingapi? Alilalamika kichwa, kifua au mgongo? Alikuwa mrefu kupita ndugu zake, mwenye vidole virefu na macho mabovu tangu utotoni? Tafiti nyingi za jeni nzito zilizotajwa hapa zilianza na maswali ya namna hiyo, na kaka yake Flo Hyman aliokolewa kwa sababu yaliulizwa, ingawa yaliulizwa kwa kuchelewa. Msomaji mwenye wazazi, shangazi au wajomba walio hai awaulize wiki hii, aandike majina na umri kwenye karatasi, na siku atakapokwenda kliniki, hata kama ameenda kwa kikohozi, aiweke karatasi hiyo mbele ya daktari. Wawili wa damu moja wakiwa wamekufa ghafla kabla ya miaka 50, aombe altrasaundi ya tumbo na kipimo cha moyo bila kungoja dalili.